Mzigo Begani, Mzigo Relini



Anayetazama ramani ya mto Lualaba huweza kudhani ya kuwa mto wenyewe ni barabara tosha. Sivyo. Karibu na Kongolo maji hubanwa na miamba. Kati ya Ubundu na Kisangani yako maporomoko saba. Palipozuiwa mashua, mabega ya mwanadamu ndiyo yaliyokuwa chombo cha safari.

Katika karne ya 19, misafara ilitoka Manyema ikapita Ujiji na Tabora hadi pwani ya Bagamoyo. Pembe za ndovu zilibebwa na wapagazi, na baadhi yao walikuwa watumwa. Safari hiyo ilihesabiwa kwa miezi.

Ndipo ikaja reli. Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, haikujenga njia moja ndefu, bali vipande vya kuyakwepa maporomoko. Mwaka 1906 reli iliunganisha Stanleyville (Kisangani) na Ponthierville (Ubundu). Baadaye kikafuata kipande cha Kindu na Kongolo. Na mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ilifika Albertville, yaani Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Msafiri alishuka treni akapanda meli, akashuka meli akapanda treni tena.

Hivyo mzigo uliondoka begani, mateso hayakuondoka. Wengi waliochimba njia ya reli walitwaliwa kwa nguvu, na kuni zilizowaka ndani ya meli zilikatwa na wanavijiji. Aliyestarehe safarini hakumwona aliyelipa gharama yake.

Baada ya uhuru, vita na ukosefu wa matengenezo viliidhoofisha reli, na barabara nyingi zikamezwa na msitu. Leo, mahali pengi, kijana husukuma kwa siku kadhaa baiskeli iliyosheheni mchele na mawese. Mzigo umerudi kwa mwanadamu. Kumbe historia ya usafiri haiendi mbele daima: chombo kisichotunzwa humrudisha mjukuu kwenye kazi ya babu yake.

Basi, katika kikundi chenu jiulizeni: ni nani kijijini anayebeba mazao yetu, naye hulipwa kwa haki? Tena, ni mtaro gani wa barabara, au daraja gani la miti, tunaloweza kulitengeneza kwa salongo kabla ya mvua kunyesha?