Jina Moja, Vipimo Viwili

Mtu ahamiaye nchi ya mbali hujiandaa kukutana na maneno mageni, na hayo hayamdhuru sana, maana huyauliza. Limponzalo ni neno alijualo tangu utotoni, lililobeba kipimo asichokijua.

Mwambao wetu waufahamu mkasa huu. Vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na frasila ya Unguja ilihesabiwa ratili 35, yaani kilo 16 hivi. Lakini pishi ni kipimo cha ujazo, na frasila ni cha uzito. Kamusi iliyoandika kwamba pishi ni ratili sita hivi ilisema nusu ya habari: pishi ya nini?

Kisha ikaja galoni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 iliweka galoni ya lita 4.55 hivi, na ndiyo iliyotumika katika makoloni yake ya Afrika Mashariki. Marekani ilibaki na galoni kongwe ya mvinyo, lita 3.79. Aliyehamia huko akadhani gari lake limezidi ulafi alikosea. Kilichopungua ni galoni.

Katika umeme ndiko tafsiri zetu zinakolegea zaidi. Kituo cha Edison mjini New York kilianza mwaka 1882 kwa volti 110 hivi. Berlin ilianza kuhamia volti 220 mwaka 1899, ili waya zile zile zibebe nguvu zaidi. Hivyo Marekani leo hutumia volti 120, nasi 230 hivi. Pasi ya Dar es Salaam ikichomekwa Chicago hutoa robo tu ya joto lake. Ya Chicago ikiletwa huku huungua.

Vijitabu vya maelezo huishia hapo: "tumia transfoma". Lakini transfoma hubadili volti tu. Haigusi idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo kwetu ni 50 na Marekani ni 60. Saa ya ukutani inayofuata mizunguko hiyo, hata ikipewa transfoma nzuri, itakwenda mbele dakika 12 kila saa ikifika huko. Nchini Japani huhitaji hata kuvuka mpaka: Tokyo ilinunua mitambo ya Kijerumani mwaka 1895, Osaka ya Kimarekani mwaka uliofuata, na hadi leo mashariki ni 50, magharibi 60.

Je, jambo hili tuliiteje? Redioni husikika "masafa", neno ambalo maana yake ya asili ni umbali. Sioni litamsaidiaje fundi. Tangu mwaka 1960 kizio chake rasmi kimepewa jina la Mjerumani Heinrich Hertz. Kwa maoni yangu mfasiri aandike "hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde", kando ya volti, kwenye mstari ule ule. Na aandikapo galoni, ataje ni ya nchi gani.