Mdudu wa Tumbo Ana Stori Mbili

Tumbo likikuchoma Nairobi, lazima mtu akuambie, "Enda upimwe H. pylori." Mwaka jana nilienda, nikapatikana nayo. Nikarudi nyumbani na karatasi imejaa dawa, nikimchukia huyo mdudu kabisa. Halafu nikaanza kusoma historia yake, na manze, mambo si rahisi venye nilidhani.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini ulsa inaletwa na mawazo na pilipili. Tumbo lina asidi kali, walisema, bakteria gani itaishi huko? Mwaka 1979, huko Perth, Australia, Robin Warren aliona kwa darubini vijidudu vilivyojipinda kwenye tumbo la mgonjwa. Akaungana na daktari kijana, Barry Marshall. Mwaka 1982 sahani zao za maabara zikaachwa muda mrefu kuliko kawaida sababu ya likizo ya Pasaka, na bakteria ikamea. Wengi bado walikataa. Mwaka 1984 Marshall akaikoroga akainywa mwenyewe! Baada ya siku chache alikuwa anatapika. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaiweka kati ya vitu vinavyosababisha saratani, na mwaka 2005 hao wawili wakapewa Nobel.

Kesi imefungwa, si ndio? Hapana.

Kule Marekani, daktari Martin Blaser aliona kitu kingine. Kwenye nchi tajiri, maji safi na antibayotiki vilikuwa vinammaliza huyu mdudu kwa watoto. Wakati huo huo pumu na aleji zilikuwa zinapanda. Mwaka 2008, yeye na Yu Chen walichapisha data ya Wamarekani zaidi ya 7,000: watoto wenye H. pylori hawakuwa na pumu sana kama wasio nayo.

Lakini vitu viwili kutembea pamoja haimaanishi kimoja kimezaa kingine. Ndiyo maana mwaka 2011 kundi la Anne Müller, Zurich, lilijaribu kwa panya. Walioambukizwa wakiwa wachanga walikingwa na pumu ya aleji. Walioambukizwa wakiwa wakubwa hawakukingwa hivyo. Pumu ya aleji ni kinga ya mwili kupigana na vumbi kama vile ni adui. Mdudu, ili asifukuzwe, anaamsha seli za kutuliza hiyo kinga, na mapafu yanafaidika pia.

Kwa binadamu, tafiti hazijakubaliana, na uhusiano unaoonekana ni mdogo. Najua pia kwa macho yangu: wengi wetu hapa Kenya tunaishi na huyu mdudu, na bado ndugu yangu mdogo halali bila inhela karibu na mto. Kwa hivyo usiache dozi ya daktari eti unalinda mapafu. Mimi nilimaliza yangu.

Kilichobadilika ni hasira yangu. Wanasayansi wanakadiria watu walitoka Afrika Mashariki wakiwa naye tumboni miaka kama 58,000 iliyopita. Mgeni wa muda huo wote huwezi kumwita adui tu ama rafiki tu. Na siku mtoto wa kwetu akipata mafua ya kawaida, kabla mtu akimbilie kemisti kununua antibayotiki bila kupimwa, nitauliza kwanza: tunaua nani mwingine huko ndani?