Kaye ya deni

Kwetu Mangina deni inaandikwa ndani ya kaye ya butiki. Ukilipa, mwenye butiki anapiga mustari juu ya jina lako, mambo imeisha.

Nikiwa natafuta masomo Kenya, nikakuta kaye ya namna ingine. Kule, tangu 1974 serikali ilikopesha wanafunzi wa iniversite, lakini pesa hazikurudi vizuri: haikuwa na nguvu ya sheria ya kufuata wadeni. Ndipo 1995 sheria ikaanzisha bodi ya mikopo, HELB. Ukipata kazi, patron anapaswa kuijulisha bodi na kukata deni kwenye mushahara wako. Ukikosa kulipa, jina lako linaweza kutumwa kwenye ofisi za habari za wakopaji, na benki zinalisoma kule.

Hivi deni ya masomo ikaanza kumufuata mutu popote.

Sheria ya 2019 ya Kenya inakupa haki ya kuuliza wameandika nini juu yako, na kusahihisha makosa. Hapa Congo, sheria ya numerike ya 2023 nayo inalinda habari za mutu.

Basi, mbele ya kutia saini, uliza: hii kaye, nani ataisoma?