Njia, Jina na Kumbukumbu: Historia Fupi ya Kuhama Saraka kwa Amri na Maana Yake kwa Watafiti wa Dodoma

Sehemu hii inachunguza jinsi watumiaji wa kompyuta walivyojipunguzia kazi ya kuhama kutoka saraka moja hadi nyingine kwa kuandika amri. Hoja kuu ni kwamba kila hatua ya historia hiyo ilihamisha sehemu ya kumbukumbu kutoka kwa mtu kwenda kwa mashine, na kwamba uhamisho huo umeyapa majina ya saraka uzito mkubwa kuliko amri zenyewe. Kwa mtafiti anayefanya kazi kwa Kiswahili, jambo hilo lina faida na pia lina hatari.

Dennis Ritchie alieleza mwaka 1979 kwamba Unix ya awali, iliyoendeshwa katika mashine ya PDP-7, haikuwa na njia zenye alama ya mkwaju. Jina la faili lilitafutwa ndani ya saraka aliyomo mtumiaji tu. Matoleo yaliyofuata yaliruhusu njia ndefu, na amri ya chdir ikafupishwa kuwa cd. Hata hivyo, mzigo haukuwa herufi za amri. Ulikuwa urefu wa njia yenyewe na ulazima wa kuikumbuka.

Nafuu ilipatikana katika ganda, yaani programu inayopokea amri na kuzitekeleza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Bill Joy alitunga ganda la C huko Berkeley, Marekani. J. E. Kulp wa taasisi ya IIASA, Laxenburg, Austria, akaliongezea rundo la saraka: kwa pushd mtumiaji huweka kumbukumbu ya alipo kabla ya kwenda kwingine, na kwa popd hurejea. Katika ganda la David Korn, lililotangazwa mwaka 1983, cd - humrudisha mtumiaji katika saraka aliyotoka. Kumbukumbu hizo zilikoma kikao kilipofungwa. Programu ya z ya mwaka 2009, na baadaye zoxide ya mwaka 2020, zilivuka mpaka huo. Huhifadhi orodha ya saraka zilizotembelewa, huzipa alama kwa kuzingatia wingi na upya wa ziara, kisha humfikisha mtumiaji kwa kipande cha jina tu.

Nchini Tanzania, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kazi hiyo ilitafsiri menyu na maelezo ya programu ya ofisi. Amri za ganda hazikuguswa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, huandika cd ileile iliyoandikwa Berkeley. Lakini anapotumia z, neno analoliandika baada yake ni jina alilolitunga mwenyewe, na linaweza kuwa la Kiswahili.

Hapo ndipo hatari inapojitokeza. Tuchukue mfano wa mtafiti wa nyanda za kati mwenye saraka za Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, kila moja ikiwa na saraka ndogo iitwayo mahojiano. Ikiwa amefanya kazi ya Kongwa kwa wiki tatu mfululizo, z mahojiano itampeleka Kongwa hata kama alikusudia Bahi. Amri inayofuata ikiwa rm, mahojiano ya wilaya nzima hufutika bila kupitia pipa la taka. Kuandika z bahi mahojiano hupunguza utata huo, na kuandika pwd kabla ya kufuta humwonyesha mtafiti mahali alipo.

Kwa hiyo, kasi iliyopatikana tangu PDP-7 haikuondoa wajibu wa kukumbuka. Iliuhamishia kwenye tendo la kutoa majina. Inapendekezwa kwamba mafunzo ya mbinu za utafiti yaanze na utaratibu wa kuzipa saraka majina, ndipo yafuatie mafunzo ya amri za kuzifikia kwa haraka.