Daftari Lililolala Miaka 40: Nairobi Inavyojilipia

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze historia, ingawa mwishoni mtaona hatujaenda mbali na kazi yetu.

Taa ya mtaani ikizimika au takataka zikirundikana, sisi wakaazi wa Nairobi husema neno moja: kanjo wamekula pesa. Pengine ni kweli. Lakini swali ninalotaka kuuliza ni la kabla ya hapo: hizo pesa hutoka wapi?

Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli. Mwaka 1900 ikapata kamati ya kuisimamia, na 1950 ikatangazwa jiji. Tangu enzi za ukoloni, nguzo ya mapato yake imekuwa kodi ya ploti, ile wengi tunaiita reti. Nairobi hutoza ardhi tupu, haitozi jengo. Majirani wawili wenye ploti sawa, mmoja na kibanda cha mabati na mwingine na ghorofa kumi, hulipa sawa. Wazo lenyewe si baya: ukikalia ardhi bila kujenga, inakugharimu. Ila linahitaji kitu kimoja, daftari lenye kila ploti na thamani yake.

Je, Mwafrika wa wakati ule, ambaye hakuruhusiwa kuwa na ploti mjini, alihudumiwa kwa pesa gani? Kwa pombe. Kuanzia miaka ya 1920, baraza la mji lilikuwa na ukiritimba wa kuuza pombe ya kienyeji Pumwani. Ukipika yako nyumbani, ulikuwa mhalifu. Faida iliingia katika akaunti maalum ya huduma za Waafrika. Kwa ufupi, vibarua waliojenga mji walijilipia huduma zao kwa kunywa.

Uhuru ulipokaribia, mambo yakaanza kubadilika. Mwaka 1962 Charles Rubia akawa meya wa kwanza Mwafrika. Baraza lilikuwa na kazi nyingi: shule za msingi, zahanati, nyumba za kupangisha, maji, barabara. Mbali na reti, mabaraza yalitegemea kodi ya kichwa iliyopanda kulingana na kipato cha mtu. Kufikia 1974 kodi hiyo ilikuwa imefutwa. Mwaka 1973 serikali kuu nayo ilikuwa imeanzisha kodi yake ya mauzo. Pesa zikaenda Hazina, shule na zahanati zikabaki kwa baraza.

Yaliyofuata yalikuwa viraka. Mwaka 1983 serikali ililivunja baraza na kuteua tume iliyoendesha jiji hadi 1992. Mwaka 1988 ikaja ada ya huduma, iliyokatwa kwenye mishahara na biashara. Hiyo nayo ikaondolewa, na kuanzia 1999 mabaraza yakawa yanagawiwa asilimia 5 ya kodi ya mapato kutoka Hazina. Mwaka 2004 maji yakakabidhiwa kampuni ya jiji yenye hesabu zake.

Na daftari la ploti? Hapa ndipo mwanaprogramu ndani yangu hushika kichwa. Orodha ya thamani iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliendelea kutumika kwa takriban miaka 40! Sensa ya 1979 ilihesabu watu 827,775 Nairobi. Ile ya 2019 ilihesabu 4,397,073. Jiji lilikua zaidi ya mara tano, daftari likabaki palepale.

Chukua mfano wa kubuni. Ploti mbili: moja katikati ya mji, nyingine pembezoni ambako 1982 palikuwa na majani tu. Leo ile ya pembezoni ina barabara kubwa mbele yake na bei imepanda mara mia kadhaa, kuliko hata ile ya mjini. Kwenye daftari bado ni majani. Ukitaka pesa zaidi, unaongeza asilimia kwa wote, na mzigo unamwangukia yule ambaye thamani yake iliandikwa vizuri tangu mwanzo.

Njia nyingine ni kutafuta pesa kwa yule anayeonekana. Mwenye gari anayeegesha mjini. Mwenye duka anayehitaji kibali. Mama mboga, ambaye hupatikana mahali pale pale kila asubuhi, hana pa kujificha. Mwenye ekari mbili zilizopanda bei kimya kimya hafukuzwi na askari wa jiji, kwa sababu kwenye rekodi utajiri wake haupo.

Katiba ya 2010 ilileta kaunti, zilizoanza kazi 2013, na kuzihakikishia zote kwa pamoja angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mwaka 2014 Nairobi ikaanza kupokea malipo kielektroniki. Mwaka 2020 kazi nne za kaunti, zikiwemo afya na uchukuzi, zikahamishiwa serikali kuu, na mamlaka ya kodi ya taifa ikapewa jukumu la kukusanya mapato. Mpango huo ukaisha 2022. Mfumo mwingine wa malipo ukazinduliwa. Ni mwaka 2023 tu ndipo reti ilipoanza kutozwa kwa orodha mpya ya thamani, iliyotayarishwa 2019, kwa asilimia 0.115 ya thamani ya ardhi.

Sisi watu wa kompyuta tuna msemo: ukiingiza takataka, utatoa takataka. Tulibadilisha baraza, tume, kaunti na mifumo ya malipo. Jedwali lililo chini ya yote hayo halikuguswa, na halikuguswa kwa sababu waliokuwa na ploti kubwa hawakuwa na haja ya kuliona likiguswa.

Kwa hivyo siku ukialikwa kwenye kikao cha bajeti cha kaunti yako, usiulize app mpya itakuja lini. Uliza daftari la ardhi lilisahihishwa mwaka gani. Kisha angalia nani atakohoa.