Estop

Estop ni kitenzi cha sheria ya Kiingereza chenye maana ya kumzuia mtu asikane mahakamani jambo ambalo yeye mwenyewe alilisema au kulitenda, pale ambapo mwenzake amekwisha kulitegemea. Hutumika zaidi katika kauli ya kutendwa. Nomino yake ni estoppel.

Asili yake ni Kifaransa cha kale, estopper, kuziba, kutoka Kilatini stuppa: nyuzi za kuzibia mianya, kama za kukalafatia jahazi. Mwaka 1628 mwanasheria wa Kiingereza Edward Coke alieleza kwamba kitendo cha mtu humfunga kinywa hata kama anachotaka kusema ni kweli. Hapo ndipo penye uzito wa neno hili: mahakama huweza kuitanguliza haki ya aliyeamini mbele ya ukweli.

Kesi mashuhuri ni ya High Trees, jengo la kupangisha la London. Mwaka 1940, vita vilipowafukuza wapangaji London, mwenye jengo alikubali kupunguza kodi ya mwaka kutoka pauni 2,500 hadi 1,250. Jengo lilijaa tena 1945, akadai kodi kamili. Jaji Denning alimpa kodi kamili kuanzia hapo, lakini akasema kwamba angalidai tofauti ya miaka ya vita, angalizuiwa na ahadi yake. Hata hivyo, kwa sheria ya Uingereza, kizuizi cha namna hii ni ngao tu. Hakianzishi dai jipya.

Kanuni ya estoppel kwa jumla iliingia Afrika Mashariki kupitia Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, kifungu cha 115. Nchini Kenya imo katika kifungu cha 120 cha Sheria ya Ushahidi.