Picha Juu ya Pakiti

Ukivuka daraja la Nyali kutoka Kisiwani, msomaji, hukosi kukuta kibanda kando ya njia chenye kuuza sigara. Itazame pakiti moja kwa makini. Juu yake pana picha ya kuchukiza ya maradhi yaletwayo na uvutaji. Picha hiyo haikufika hapo kwa wepesi.

Kenya iliuridhia mkataba wa Shirika la Afya Ulimwenguni wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, na mwaka 2007 Bunge likapitisha sheria. Kanuni zilizoleta picha zilitungwa mwaka 2014. Kampuni ya British American Tobacco ikazipinga. Shauri likapanda kutoka Mahakama Kuu hata Mahakama ya Rufani, nayo Mahakama ya Juu ikalikata Novemba 2019, kampuni ikashindwa.

Je, mvutaji amebadilika? Sheria ile ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja. Pakiti haina ruhusa kupungua sigara 10. Shabaha yake ni wazi: kijana mwenye shilingi chache asiweze kununua, na anunuaye aione picha. Lakini mwenye kibanda huifungua pakiti, akauza moja moja. Picha hubaki kwake, mnunuzi akaondoka na moshi wake. Nadhani hapana mtu ayasomaye maonyo yale kuliko muuzaji mwenyewe!

Tena moshi una njia nyingi. Wazee wa pwani waliijua buruma, kiko cha maji. Wajukuu wao wakaijua kwa jina la shisha, yenye harufu ya matunda, nayo huletwa mezani pasipo pakiti wala picha. Sisemi kwamba picha ndiyo iliyowakimbiza huko, ila penye mlango uliofungwa watu hutafuta dirisha. Desemba 2017 Waziri wa Afya aliipiga shisha marufuku. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliiagiza wizara irekebishe kasoro za kanuni hizo na kuzifikisha Bungeni. Agizo halikutimizwa, kwa hiyo Januari 2024 mahakama ya Shanzu, kaskazini ya Nyali, ikawaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa ajili ya shisha. NACADA, chombo cha serikali cha kupiga vita ulevi na dawa za kulevya, kikajibu upesi kwamba marufuku ingalipo.